Ukishuka melini Nafplio, itembee Nafplio yenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita, katika ukurasa wako wa safari, msomaji mwenzangu aliwashauri Watanzania wanaopata bahati ya kupanda meli za kitalii katika Bahari ya Mediterania kwamba wakifika kwenye bandari ndogo za Ugiriki wanunue ziara za basi zinazouzwa humo humo melini. Asiye na fedha hiyo, alisema, abaki ndani apumzike, kwa sababu miji yenyewe haina kitu zaidi ya maduka ya vikumbusho. Ushauri huo umeniuma. Mji mmoja wa aina hiyo nimeuzunguka kwa miguu yangu, na naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako kilichomo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia hapa Tanga. Binti yangu ni muuguzi katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, naye ndiye aliyenilipia safari ya meli kutoka Piraeus, bandari ya Athens, mwezi Oktoba. Sisi watu wa Tanga hatuwaoni Wagiriki kuwa watu wa mbali. Kabla ya Azimio la Arusha mashamba mengi ya mkonge ya huku yalikuwa mali yao, na marehemu baba yangu alikuwa karani katika shamba mojawapo njia ya Korogwe. Nimekua nikisikia habari za nchi yao tangu sijajua kusoma ramani. Kwa hiyo nilipoona jina la Nafplio kwenye ratiba ya meli nilimwambia binti yangu mapema kwamba pale hatununui ziara ya mtu. Pale tunashuka sisi wenyewe.

Nafplio iko mashariki mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, ndani kabisa ya Ghuba ya Argolida. Mji wa kale umeegemea jabali la Akronafplia, na nyuma yake kimesimama kilima cha Palamidi chenye urefu wa mita 216, na juu yake ngome ya watu wa Venice. Mbele ya gati, katikati ya maji, kipo kisiwa kidogo kinachoitwa Bourtzi, ambacho chote ni ngome. Watu wa Venice waliijenga mwaka 1473, na zamani mnyororo ulivutwa kutoka hapo hadi mjini ili kufunga mlango wa bandari wakati wa hatari. Baadaye, katika karne ya 19, kisiwa hicho kilikuwa makazi ya mnyongaji wa serikali, yule aliyewaua wafungwa wa Palamidi.

Meli yetu ilitia nanga nje, nasi tukapelekwa gatini kwa boti ndogo za meli. Waliolipia ziara waliitwa kwanza, wengine tukapewa kadi zenye namba tungoje zamu. Tulipofika nchi kavu mabasi yalikuwa yameshapangwa, na sehemu kubwa ya abiria wenzetu wakayapanda kwenda kwenye magofu ya kale ya Mycenae na Epidaurus. Siwalaumu. Mycenae na lango lake la simba ni mahali ambapo kila mwalimu wa historia angependa kufika, na ukumbi wa maonyesho wa Epidaurus, uliojengwa karne ya nne kabla ya Kristo, una sifa duniani kote. Lakini saa za meli bandarini ni chache. Ukitoa muda wa kwenda na kurudi, wa kuhesabiwa kwenye basi, na wa kusimamishwa kwenye duka ambalo mwongoza wageni ana makubaliano nalo, kinachobaki ni kidogo sana. Na mji uliokukaribisha, uliowahi kuwa makao makuu ya taifa zima, unaupita ukiutazama dirishani.

Ndiyo, makao makuu. Kuanzia mwaka 1829 hadi 1834, kabla ya Athens, serikali ya Ugiriki mpya ilikaa Nafplio. Mambo mengi yanayowapata mataifa machanga yalitokea ndani ya vichochoro ambavyo mzee kama mimi anavimaliza asubuhi moja.

Tulianzia Kanisa la Mtakatifu Spyridon, kanisa dogo katika kichochoro kinachopanda. Hapo ndipo Ioannis Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa taifa hilo, alipouawa Jumapili asubuhi, tarehe 9 Oktoba 1831, akienda kusali. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Corfu, aliyewahi kusimamia mambo ya nje ya Urusi, akaacha heshima zote hizo akaja kuongoza nchi iliyochoka kwa vita na isiyo na fedha. Alitaka kodi ikusanywe na serikali moja na wakuu wa koo watii sheria, na koo zenye nguvu hazikumsamehe. Alimfunga Petrobey Mavromichalis, mkuu wa eneo la Mani huko huko Peloponnese. Ndugu mmoja wa mfungwa huyo na mtoto wa mfungwa mwenyewe wakamngoja Kapodistrias mlangoni mwa kanisa, mmoja na bastola, mwingine na kisu. Kwenye ukuta karibu na mlango kuna alama ya risasi, imefunikwa kwa kioo. Nilisimama hapo muda mrefu. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto habari za Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi, aliyepigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, nchi yake ikiwa bado haijapata uhuru kamili. Na aliyefyatua risasi ile alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, akitumiwa na wapinzani wa kisiasa wa Rwagasore. Nilimweleza binti yangu habari hizo mbili pale pale kichochoroni. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maua mlangoni kwake alituona tumenyamaza, akaingia ndani akatuletea maji ya kunywa na tunda lililopikwa kwa sukari katika kisahani kidogo, kijiko juu yake. Hakuna lugha tuliyoshirikiana naye. Alionyesha ukutani, akaweka mkono kifuani, nasi tukaweka mikono vifuani.

Wenyeji wana kisa wanachopenda kukisimulia juu ya Kapodistrias na viazi mviringo. Alivileta, watu wakavidharau. Basi akaamuru vilundikwe na vilindwe na askari, kama mali ya thamani, na askari wakaambiwa wafumbe macho usiku. Vikaibiwa vyote, vikapandwa kote. Iwe kweli au hadithi, mtu anayesimuliwa hivyo baada ya karibu miaka 200 hakupendwa kidogo.

Kutoka kanisani ni dakika chache hadi Uwanja wa Syntagma, uwanja mkubwa uliotandikwa mawe laini, ambao watoto huchezea mpira jioni. Upande wa magharibi kuna jengo la mawe la mwaka 1713, ghala la jeshi la majini la Venice, ambalo sasa ni makumbusho ya akiolojia. Ndani yake kuna kitu kimoja ambacho peke yake kinatosha kumshusha mtu melini. Ni vazi la vita la shaba iliyochanganywa na bati, zima kuanzia shingoni hadi mapajani, pamoja na kofia ya meno ya nguruwe mwitu, lililochimbuliwa kaburini mwaka 1960 katika kijiji cha Dendra, si mbali na hapo. Lina umri wa karibu miaka 3,400. Watu walibishana muda mrefu kama lilivaliwa vitani kweli au lilikuwa la gwaride tu. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo yao baada ya kuwavisha wanajeshi 13 wa jeshi la majini la Ugiriki nakala ya vazi hilo na kuwafanyisha mapigano ya majaribio kwa saa 11, na ikaonekana kwamba mtu anaweza kupigana nalo bila kushindwa kupumua wala kujikunja. Humo ndani tulikuwa watu wachache sana. Niliweza kuzunguka kioo cha vazi hilo mara kadhaa, nikainama kuona jinsi bamba moja linavyolalia jingine mabegani, na hakuna aliyenisukuma.

Katika eneo hilo la uwanja yapo pia majengo mawili yaliyokuwa misikiti zama za Waturuki. Moja, lijulikanalo kama Trianon, sasa ni ukumbi wa michezo ya kuigiza na sinema. Jingine, nyuma kidogo ya makumbusho, liitwalo Vouleftiko, lilitumiwa na Wagiriki kwa vikao vya bunge lao la kwanza katikati ya vita vya uhuru dhidi ya Waturuki. Mimi ni Mwislamu, na sitaficha kwamba moyo wangu ulizizima nilipoona kuba lile nikajua halina tena adhana. Nilikaa kwenye ngazi nikasoma Fatiha kwa ajili ya waliolijenga. Lakini niliridhika kwa jambo moja: historia ya jengo haikufichwa. Kibao kinasema lilikuwa nini, likawa nini. Ndivyo ilivyo pia kwa chemchemi za kale za Waturuki zilizojengewa kutani vichochoroni. Maandishi yake ya herufi za Kiarabu yameachwa yalivyo. Lugha yenyewe ni Kituruki cha zamani, siifahamu, ila jina la Mwenyezi Mungu nililisoma, na binti yangu akanipiga picha nikiligusa.

Ndugu Mhariri, hapa naomba nivumiliwe nieleze habari ya mahakama, maana ndiyo iliyonigusa kuliko zote.

Katika bustani ya mji kuna sanamu ya Theodoros Kolokotronis, jenerali mkuu wa vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821, akiwa juu ya farasi. Kila mtalii humpiga picha. Wengi hawajui kwamba mzee huyo, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alishtakiwa katika mji huo huo mwaka 1834 kwa uhaini. Baada ya kifo cha Kapodistrias, mataifa makubwa yaliwachagulia Wagiriki mfalme, Otto, mtoto wa mfalme wa Bavaria. Aliteremka bandarini Nafplio mapema mwaka 1833 akiwa na miaka 17, akizungukwa na washauri wa Kibavaria ambao ndio waliotawala kwa niaba yake. Washauri hao walimwona Kolokotronis kuwa tishio. Majaji walikuwa watano. Watatu walikubali hukumu ya kifo. Rais wa mahakama, Anastasios Polyzoidis, na mwenzake Georgios Tertsetis walikataa kuweka saini, kwa sababu hawakuona ushahidi. Walilazimishwa kwa nguvu na askari kuketi kitini wakati hukumu inasomwa, na bado hawakutia saini. Baadaye wao wenyewe wakashtakiwa, wakaachiwa huru. Kolokotronis hakunyongwa, adhabu ilipunguzwa kuwa kifungo, na mwaka uliofuata alisamehewa. Nimefundisha kwa miongo kadhaa, na ningekuwa na wanafunzi wangu pale ningewaketisha kwenye nyasi chini ya sanamu ile tukamaliza kipindi kizima juu ya kalamu mbili zilizokataa kuandika.

Msomaji wako alisema hakuna kitu. Hayo yote tuliyapata ndani ya eneo ambalo halifiki upana wa Ngamiani.

Mchana tuliamua kutoka nje kidogo ya mji wa kale, kuelekea kitongoji cha Pronia. Ni mwendo wa kawaida kwa miguu, wala huhitaji gari. Binti yangu alitaka kuona Simba wa Bavaria, simba mkubwa aliyechongwa katika mwamba, amelala, kichwa kimeinama. Mfalme Ludwig wa Kwanza, baba yake Otto, aliagiza achongwe kwa kumbukumbu ya askari wa Kibavaria waliokuja na mwanawe wakafa Nafplio mwaka 1833 na 1834. Hawakuuawa vitani. Waliuawa na maradhi ya mlipuko. Binti yangu alisoma maandishi ya Kijerumani kwa sauti, kisha akaniambia kwamba wagonjwa wake wa Bavaria hawana habari kwamba vijana wa kwao wamelala huku. Mimi nilikumbuka makaburi ya Wajerumani waliokufa katika vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambayo watoto wa shule hupita kando yake kila siku. Kijana anatumwa mbali na mfalme wake, anakufa kwa homa, na kinachobaki ni jiwe katika nchi ya watu. Hakuwako mgeni mwingine pale, ila paka na bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi na mfuko wake wa mboga.

Maana siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Soko lao la wazi hupangwa kando ya barabara, wakulima wenyewe nyuma ya meza zao: zeituni za aina nyingi, komamanga zilizopasuka kwa kuiva, zabibu za mwisho wa msimu, mboga za majani ambazo majina yake sikuyapata. Bonde la Argolida linasifika kwa machungwa, lakini mwezi Oktoba miti bado ilikuwa na matunda ya kijani. Kwa msaada wa binti yangu nilimweleza muuzaji mmoja kwamba kwetu, Muheza, chungwa linaiva na kubaki kijani vile vile, na ndani ni tamu. Hakuamini. Aliwaita wenzake wawili waje wasikie. Mmoja wao, mzee, alijibu kwa Kijerumani: alikuwa kibarua wa kiwandani Ujerumani ujana wake, kama Wagiriki wengi walioondoka baada ya mkataba wa kazi wa mwaka 1960 kati ya nchi hizo mbili. Aliposikia binti yangu ni muuguzi huko alimshika mikono yote miwili. Alimuuliza kama anapata likizo ya kutosha, kama chumba chake kina joto majira ya baridi, kama kuna wenziwe wa kwao wa kuzungumza nao jioni. Maswali yangu mwenyewe, yule mzee aliyauliza kabla yangu, na binti yangu alimjibu kwa ukweli ambao mimi huwa ananificha kwenye simu. Tulikunywa naye kahawa. Alikataa katakata tulipe. Hakuna ziara ya basi inayoniuzia saa ile.

Chakula nisikiseme sana. Kwa mtu wa pwani inatosha kusema kwamba pweza wanaanikwa juani kwenye kamba mbele ya mikahawa, kisha wanachomwa juu ya makaa na kunyunyiziwa siki na mafuta ya zeituni. Wazee wa Kigiriki wanaokaa hapo wanachezesha mkononi ushanga unaofanana sana na tasbihi, ila wao hawasalii. Ni wa kutuliza fikira, na mji una makumbusho madogo ya ushanga huo. Kando ya bahari, ukipita nyuma ya jabali la Akronafplia, kuna njia ya miguu iliyotengenezwa vizuri, mwamba upande mmoja na maji upande mwingine, hadi ufuko wa Arvanitia ambako wenyeji huogelea hata Oktoba. Hakuna kiingilio.

Juu ya Palamidi tulipanda kwa teksi, kwa sababu ya magoti yangu. Msomaji asitishwe na habari za ngazi 999 zinazotajwa kila mahali. Barabara ya gari inafika hadi kwenye lango la juu. Ngome hiyo ilijengwa na watu wa Venice kati ya mwaka 1711 na 1714, kazi ya miaka mitatu kwa ngome ya ukubwa ule, ikiwa na sehemu nane, kila moja ikiweza kujitetea hata kama nyingine zimetekwa. Mwaka 1715 Waturuki waliichukua. Wagiriki wakaipanda usiku wa kuamkia tarehe 30 Novemba 1822 wakiongozwa na Staikos Staikopoulos. Huko juu huonyeshwa shimo lenye mlango mdogo wa kuinama linalosemwa kuwa ndilo alimofungwa Kolokotronis. Kushuka tulishuka kwa ngazi, polepole, tukipumzika kila penye kivuli, na meli yetu ikionekana chini wakati wote. Hiyo ni faida kubwa: unajua haijaondoka.

Sasa niseme mambo ambayo mtu anayejitembeza mwenyewe lazima ayajue, kwa sababu msomaji wako ana haki katika jambo moja. Ziara ya meli ikichelewa, meli huingoja. Wewe uliyejitembeza ukichelewa, haikungoji. Kwa hiyo saa muhimu si ile ya meli kuondoka, ni ile ya boti ya mwisho kutoka gatini, ambayo ni ya mapema zaidi, na imeandikwa kwenye karatasi ya kila siku inayoletwa chumbani. Iandike mkononi kama huna karatasi. Uhakikishe pia saa yako inafuata saa ya meli. Chukua kadi ya meli, nakala ya pasipoti, na namba ya simu ya wakala wa meli bandarini, ambayo ipo kwenye karatasi hiyo hiyo. Sisi tulirudi gatini mapema, tukakaa kwenye ukuta tukila karanga za kukaangwa.

Kuhusu viza, Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Meli nyingi za njia hii hugusa pia Kuşadası, Uturuki, na ukifika huko umeshatoka katika eneo la Schengen. Lazima viza yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo kurudi Ugiriki ni tatizo. Uturuki nayo ina masharti yake, ulizia kabla ya kulipa. Makumbusho ya Ugiriki yana siku ya kufungwa katika wiki, na maduka ya miji midogo hufunga mchana. Anayetaka kuona magofu bila kwenda mbali, Tiryns, yenye kuta za mawe makubwa ajabu, iko kilometa nne tu kutoka Nafplio, na basi la kawaida liendalo Argos hupita karibu nayo. Tiryns na Mycenae ziliingizwa pamoja katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999.

Kuna na suala la fedha, nalo silisemi kwa pembeni. Tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza kila abiria wa meli ya kitalii anayeshuka bandarini: euro 20 kwa visiwa vya Santorini na Mykonos msimu wa kiangazi, euro 5 kwa bandari nyingine, na kwa bandari hizo nyingine euro 3 mwezi wa Aprili, Mei na Oktoba. Lakini mtu aliyekula melini, akapanda basi lililokodiwa na meli, akarudi kula melini, ameacha nini kwa muuza komamanga? Sisi tulilipa teksi, makumbusho, chakula, ushanga wa rafiki yangu wa Pangani, na mafuta ya zeituni ya zawadi. Si fedha nyingi. Ila zimeingia mikononi mwa watu tuliowaona nyuso.

Meli hizo hizo zinatia nanga Zanzibar, na abiria wake wengi hupakiwa kwenye mabasi ya ziara za viungo vile vile. Naomba ukurasa wako wa safari uandike pia kwa ajili ya mgeni anayetaka kutembea peke yake: aanzie wapi Mji Mkongwe, amuulize nani, alipe kiasi gani cha haki kwa kahawa ya Jaws Corner. Na huku Tanga, majengo ya zama za Wajerumani mengi hayana hata kibao cha mwaka yalipojengwa. Nafplio hata chemchemi isiyotoa maji ina maelezo yake. Nimeshaandika barua kwa wahusika juu ya hilo, nitaandika tena.

Msomaji mwenzangu alitaja kwamba mwakani atasafiri tena na mkewe kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa meli yao itapita Nafplio, aniandikie kupitia gazeti hili. Nitamchorea ramani ya vichochoro kwa mkono, nimwekee alama kanisa, uwanja, simba na meza ya mzee wa soko.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Ngamiani, Tanga